Nani Aifunge Ardhi ya Kijiji? Funzo la Ngitili za Shinyanga

Sera za serikali kuhusu kilimo na vijiji kwa kawaida hupimwa kwa vitu vinavyohesabika upesi: tani za mbolea zilizogawiwa, matrekta yaliyonunuliwa, kilomita za barabara zilizotengenezwa. Vipimo hivyo vina maana yake, na hakuna mkulima atakayevidharau. Lakini kiko kipimo kingine ambacho hakionekani katika taarifa za kila mwaka, nacho ni kama ardhi ya kijiji itaweza kuwalisha wajukuu wa wale wanaoilima leo. Kijiji ambacho udongo wake umechoka hakiokolewi na barabara nzuri. Barabara hiyo itakuwa njia ya vijana kuondokea tu.

Nchi ya Shinyanga, kusini mwa Ziwa Viktoria, imelipitia jaribio la kipimo hicho. Katika karne ya 20 sehemu kubwa ya nchi hiyo iligeuka kutoka pori la migunga na miombo ikawa uwanda mtupu. Kisha, kuanzia mwaka 1986, uwanda huo ukaanza kurudisha miti na majani yake. Mageuzi yote mawili yaliletwa na sera, na sera zote zilikuwa na nia njema. Kwa hiyo yafaa mwalimu na mwanafunzi wachunguze ni kitu gani hasa kilichozitenganisha.

NGITILI NI NINI

Neno ngitili ni la Kisukuma. Maana yake ni eneo la majani na miti ambalo hufungwa ili mifugo isiingie wakati wa mvua, na hufunguliwa wakati wa kiangazi malisho mengine yanapokwisha. Shinyanga ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwenye mwezi wa Novemba na kwisha kwenye mwezi wa Mei. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, na kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Julai au Agosti.

Zamani ngitili ya kaya ilikuwa karibu na nyumba. Walioingizwa humo kwanza walikuwa ndama, ng'ombe wagonjwa na wazee, na maksai wa kulimia. Mpango huo haukuwa wa bahati nasibu. Maksai aliyekonda mwezi wa Novemba hawezi kuvuta plau. Na mkulima asiyeweza kulima mvua za kwanza zinaponyesha huchelewa kupanda. Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, wiki mbili au tatu zilizopotea hazirudi. Kwa hiyo ngitili, ingawa ilionekana kuwa ni jambo la wafugaji, ilikuwa pia ndiyo ghala ya nguvu za kilimo.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba ngitili nyingi hazikuwa na seng'enge wala boma. Uzio wake ulikuwa ni makubaliano ya watu. Aliyeingiza ng'ombe katika ngitili ya mwenzake aliitwa mbele ya wazee na kutozwa faini, na kila mtu alijua hivyo kabla hajatoka na fimbo yake asubuhi.

SAYANSI ILIYO NDANI YAKE

Desturi hiyo ikichunguzwa kwa macho ya biolojia, itaonekana kwamba imejengwa juu ya msingi ulio imara. Nyasi zikiliwa mwanzoni mwa mvua, mmea hulazimika kutumia chakula kilichowekwa akiba katika mizizi ili kutoa majani mapya. Zikiliwa tena na tena, akiba hiyo huisha na mmea hufa. Mahali pake huota magugu ya msimu mmoja ambayo hayashiki udongo vizuri. Lakini nyasi zikiachwa mpaka zitoe mbegu, chakula hurudi mizizini, na kiangazi kinapofika majani makavu yanaweza kuliwa bila kuua mmea wenyewe. Kufunga wakati wa mvua na kufungua wakati wa ukame ni kufuata mwendo huo wa maumbile.

Udongo nao hupata kinga. Tone la mvua likiangukia udongo mtupu huvunja chembe zake, na chembe ndogo huziba vitundu vinavyopitisha maji. Udongo ukikauka hufanya gamba gumu, na mvua inayofuata haiingii ndani, bali hutiririka ikichukua rutuba na kuchimba makorongo. Majani na takataka za miti hupokea pigo la tone hilo kabla halijafika chini, na maji huzama taratibu.

Migunga, ambayo ni miti mingi ya Shinyanga, ni ya jamii ya kunde. Katika mizizi yake huishi bakteria wanaoikamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mimea. Tena mti uliokatwa si lazima uwe umekufa. Mizizi yake inaweza kubaki hai ardhini kwa miaka mingi, ikichipua kila mvua zinaponyesha, na kila mara machipukizi hayo huliwa na mbuzi au kukatwa na jembe. Yakiachwa kwa misimu michache tu, pori huanza kurudi bila mche hata mmoja kupandwa.

JINSI ARDHI ILIVYOVULIWA NGUO

Mwanzo wa uharibifu haukuwa uzembe wa wakulima. Katika miaka ya 1920 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o uliosimamiwa na Charles Swynnerton. Watafiti waligundua kwamba mbung'o wa huko wanahitaji kivuli cha miti na vichaka, na kwamba vichaka vikiondolewa, mbung'o nao huondoka. Basi pori likafyekwa kwa mikono ya maelfu ya watu, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka mingi. Ugonjwa wa nagana ulipungua na ng'ombe wakaongezeka. Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka na kula sehemu nyingine ya pori. Sayansi ya mbung'o haikuwa ya uongo. Ilijibu swali moja kwa usahihi, ikaacha maswali mengine bila kuyauliza.

Udongo ulipoanza kuchoka, serikali ya kikoloni ilitoa amri. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliwataka watu kupunguza ng'ombe, kulima kwa matuta na kufuata kanuni nyingine nyingi, na wasiotii walitozwa faini. Baadhi ya kanuni hizo zilikuwa sahihi kitaalamu. Hata hivyo wakulima walizichukia, kwa sababu zilitungwa bila wao na zilisimamiwa juu ya vichwa vyao. Upinzani ulikua, na amri hizo zikaachwa kabla ya uhuru kupatikana. Matuta yaliyolimwa kwa hofu ya faini hayakudumu baada ya hofu hiyo kuondoka.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976. Lengo lake lilikuwa kuwakusanya watu ili wapate shule, zahanati na maji, na si haki kusahau kwamba watoto wengi wa vijijini waliingia darasani kwa sababu hiyo. Lakini katika Usukuma kaya zilikuwa zimeishi kwa kutawanyika, kila moja karibu na shamba lake na ngitili yake. Watu walipohamishwa, ngitili zilibaki nyuma bila mwenyewe. Zamani ilijulikana nani anafunga, nani anafungua, na nani anaadhibu. Sasa malisho yakawa ya wote bila kuwa na kanuni ya wote, na kitu cha namna hiyo huwa ni cha yeyote atakayefika kwanza.

Yafaa tofauti hii ieleweke vizuri, maana wengi hudhani kwamba mali ya pamoja lazima iharibike. Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza malisho, misitu na mifereji ya pamoja katika nchi nyingi. Alionyesha kwamba mali ya pamoja inaweza kudumu kwa karne nyingi pale wanaoitumia wanapokuwa na uwezo wa kujitungia kanuni na kuzisimamia. Kilichokufa Shinyanga ni uwezo huo. Kufikia mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa zimebaki hekta 600 tu hivi, na mkoa ukawa umepewa jina la jangwa la Tanzania.

MRADI ULIOJIFUNZA KWA WENYEJI

Mwalimu Nyerere aliitembelea Shinyanga mwaka 1984 na kuguswa na hali aliyoiona. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ukisaidiwa baadaye na Norway na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto kilichoko Nairobi.

Mwanzoni mradi ulitilia mkazo vitalu vya miche na upandaji wa miti, kama miradi mingi ya wakati huo. Njia hiyo haikuenda mbali. Mche huhitaji maji wakati ambapo hata watu hawana maji, na mti uliopandwa na mradi huonekana kuwa mali ya mradi. Mabadiliko makubwa yalikuja pale wataalamu walipowauliza wazee ni miti gani wanayoithamini na wao wenyewe walikuwa wakiitunza namna gani. Jibu lilikuwa ngitili. Kuanzia hapo kazi kubwa ya mradi ilikuwa kuwasaidia watu kufanya jambo walilolijua tayari.

Ngitili zilifunguka upya kwa namna mbili: za kaya, na za pamoja zilizosimamiwa na vijiji, shule au vikundi. Mipaka ilikubaliwa katika mikutano ya vijiji, na sheria ndogo za vijiji zikatungwa. Mabaraza ya jadi yaitwayo dagashida yalihukumu waliovunja kanuni, na sungusungu, ambao walikuwa wameanza kwa kupambana na wezi wa ng'ombe, wakalinda na malisho. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ilikadiriwa kwamba zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto katika vijiji 833.

Faida zake zilipimwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile ulikadiria kwamba kuni, malisho, nguzo, dawa, asali na mazao mengine ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 hivi za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi. Wakati huo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50 hivi. Sehemu kubwa ya faida hiyo haikupita sokoni. Ilikuwa ni mzigo wa kuni ambao mama hakulazimika kuufuata mbali, na paa la nyumba lililoezekwa kwa nyasi za karibu.

KONDOA: NJIA NYINGINE

Msomaji anaweza kusema kwamba ardhi ingerudi hata kama serikali ingeifunga yenyewe. Hilo ni kweli, na mfano wake upo. Katika Kondoa, makorongo yalikuwa yameila nchi ya Warangi kwa miaka mingi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Makinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo ilizidi kuikanyaga kazi hiyo. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondoke katika eneo lililomomonyoka, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,250. Zaidi ya wanyama 80,000 wakatolewa.

Ardhi ilipona. Majani yalirudi, miti ikaota, na baadhi ya makorongo yakatulia. Ni lazima mafanikio hayo yakubaliwe bila kinyongo, kwa sababu makorongo ya Kondoa yalikuwa yamefika mahali ambapo kusubiri kulikuwa na hatari. Lakini gharama yake haikuonekana katika picha za vilima vya kijani. Kaya zilipoteza maziwa, samadi ya mashamba na maksai wa kulimia kwa siku moja. Waliokuwa na jamaa nje ya eneo waliwapeleka ng'ombe huko, na mzigo wa malisho ukahamia nchi nyingine. Ulipofika mwisho wa miaka ya 1980, ndipo mpango wa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini ulipoanza kurudisha sehemu ya kile kilichopotea.

Katika Kondoa ardhi ilifungwa na serikali, na katika Shinyanga ilifungwa na wenye ng'ombe. Majani huota kwa namna ile ile katika sehemu zote mbili, kwa kuwa majani hayajui nani ametoa amri. Tofauti iko kwa watu. Mahali ambapo amri imetoka juu, ulinzi nao lazima utoke juu kila siku, na fedha za mlinzi zikikatika, fimbo ya mchungaji hurudi. Mahali ambapo kanuni ni ya kijiji, mlinzi ni jirani, naye hapati mshahara wala hahamishwi.

KASORO ZISIZOFAA KUFICHWA

Ingekuwa kosa kuifanya ngitili kuwa hadithi isiyo na doa. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi nyingi ndiye mwenye uwezo wa kufunga eneo kubwa; mwenye eka mbili analima zote na hana cha kufunga. Zipo ngitili ambazo maskini huzipata kwa kulipia tu, na yapo maeneo yaliyokuwa ya pamoja ambayo yamegawanywa polepole. Wanawake, ambao ndio wakusanyaji wakubwa wa kuni, hawakuwa na sauti katika mabaraza ya jadi kwa kiasi cha kazi yao. Sungusungu nao, pasipo usimamizi wa sheria, wameweza kuwa wakali kupita kiasi.

Kasoro hizo hazithibitishi kwamba kijiji hakifai kupewa mamlaka. Zinaonyesha kazi ambayo serikali peke yake ndiyo inayoweza kuifanya. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba mkutano mkuu wa kijiji unamsikia mjane sawasawa na mwenye ng'ombe mia, kwamba faini haizidi sheria, na kwamba eneo la pamoja haligeuzwi mali ya mtu mmoja usiku. Serikali ina kazi nyingine pia ambazo kijiji hakiziwezi: bei ya haki ya pamba, utafiti wa mbegu, chanjo ya mifugo na maji. Kumwachia mwanakijiji ufunguo wa ardhi yake si kumtupa.

SHERIA IPO, DAFTARI LIKO WAPI?

Kwa upande wa sheria, Tanzania haianzi na ukurasa mweupe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, chini ya mamlaka ya mkutano mkuu, na inatambua ardhi ya jumuiya, ardhi ya kaya na watu binafsi, na ardhi ya akiba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Kwa hiyo ngitili inaweza kuandikwa, kupimwa na kulindwa mahakamani.

Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Eneo lililofungwa kwa makubaliano ya mdomo linaonekana, kwa mgeni anayetafuta shamba kubwa, kama pori lisilo na mtu. Linaonekana hivyo hivyo kwa mchoma mkaa, na kwa mpanga ramani ambaye hajafika huko wakati wa kiangazi. Idadi ya watu na ya mifugo inaongezeka, na kila ngitili isiyo na mpaka ulioandikwa iko katika hatari ya kuliwa pembeni, safu moja ya mahindi kila mwaka. Kama mpango wa matumizi ya ardhi utawekwa nyuma ya mipango mingine yote kwa sababu hauna sherehe ya uzinduzi, basi kazi ya miaka 18 ya HASHI inaweza kupotea kimya kimya.

Hapana budi basi utaratibu ugeuzwe. Kabla sera yoyote ya kilimo haijapeleka pembejeo kijijini, kwanza iulize kama kijiji kina mipaka iliyokubaliwa na kanuni kilizozitunga chenyewe za kufunga na kufungua ardhi yake. Mbolea inayomwagwa juu ya udongo usio na mlinzi huishia mtoni.

Shule za sekondari zina nafasi yao katika jambo hili. Ngitili za shule ni miongoni mwa zile zilizofufuliwa katika miaka ya mradi, na jaribio lake halihitaji maabara ya gharama. Mwalimu wa biolojia anaweza kufunga kipande cha mita 20 kwa 20 pembeni mwa uwanja, akaacha kingine cha ukubwa huo huo wazi, na wanafunzi wakahesabu aina za mimea katika vipande vyote viwili kila mwisho wa muhula. Mwalimu wa jiografia anaweza kupima muda ambao lita moja ya maji huchukua kuzama katika kila kipande. Katika mwaka wa pili tofauti inaweza kuanza kuonekana kwa macho. Lakini somo la kwanza litakuja mapema zaidi, siku ile mbuzi wa jirani watakapoingia, na darasa litakapolazimika kuketi pamoja na jirani huyo na kukubaliana mpaka.